Lazima Apone au Afe?

Wasomaji wa riwaya za mapenzi wana swali wanalolirudia kila wanapofunga kitabu ambacho mhusika wake mkuu anatumia kiti cha magurudumu, haoni, au amekatika mkono: kwa nini lazima apone au afe? Msichana anampenda kijana aliyepooza miguu, na kurasa mia tatu baadaye kijana anasimama na kutembea. Asiposimama, anakufa, wakati mwingine kwa hiari yake, na msichana anabaki na barua mkononi. Asipokufa, msichana anapata mwanamume mwingine mwenye miguu yake miwili, nasi tunatarajiwa kushangilia. Njia ya nne, ile ya watu wawili kuoana, kugombana juu ya ada za shule na kuzeeka pamoja huku mmoja wao akiendelea kutumia kiti chake, huandikwa kwa nadra.

Jibu langu ni hili. Waandishi wengi huuchukulia ulemavu kama deni ambalo hadithi lazima ililipe kabla ya ukurasa wa mwisho. Kupona ni malipo. Kifo ni malipo. Kuachwa nako ni malipo. Riwaya inayostahili muda wa msomaji hulikataa deni hilo mapema, ikamwacha mhusika atamani, akatae, akosee na apendwe akiwa na mwili ule ule aliokuja nao.

Ninaposema ulemavu wa viungo nina maana ya hali ya mwili inayodumu, iwe ya kuzaliwa nayo au iliyoletwa na ajali, vita au ugonjwa, inayofanya kutembea, kushika au kujimudu kuwe tofauti na walivyotarajia waliojenga ngazi na milango. Upofu hauhesabiwi humo kwa maana finyu, lakini nitauingiza, kwa kuwa waandishi wa mapenzi wameutumia mno.

Ahadi iliyovunjwa

Riwaya ya mapenzi ina sheria zake, kama riwaya ya upelelezi inavyodai tumjue muuaji. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilizieleza kwa masharti mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Sharti la pili ndilo msomaji analolilipia. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ya Kanada iliyoinunua mwaka 1971, zimeuza vitabu vyembamba visivyo na idadi juu ya ahadi hiyo, na vingi vimefika hadi kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam. Anayekinunua anajua kwamba hata mambo yaharibike vipi katikati, wale wawili watakuwa pamoja. Maharamia wamepewa ahadi hiyo. Matajiri wakorofi wamepewa. Wanaume waliomtendea msichana vibaya kwa sura kumi mfululizo wamesamehewa na kupewa.

Sasa tukitazame kitabu cha mapenzi kilichosomwa kuliko karibu vingine vyote katika miaka yake. Jojo Moyes, mwandishi Mwingereza, alikitoa mwaka 2012 kwa jina la Me Before You. Will Traynor ni kijana tajiri aliyezoea kazi kubwa London, safari na michezo ya hatari. Anagongwa na pikipiki, uti wa mgongo unaumia shingoni, na tangu siku hiyo hawezi kutumia miguu, na mikono yake ina nguvu kidogo tu. Lou Clark, msichana wa familia ya kawaida aliyepoteza kazi ya mkahawani, anaajiriwa kukaa naye kwa miezi sita. Hajui kwamba miezi hiyo ndiyo muda ambao Will amewakubalia wazazi wake kusubiri kabla ya kwenda Uswisi, ambako mtu anaweza kusaidiwa kisheria kujiua.

Moyes anajua kuandika. Utani wa wawili hawa ni mtamu. Safari ya kwenda kutazama mbio za farasi, ambapo kiti kinazama matopeni na hakuna aliyefikiria njia ya kupita, ni kurasa za kweli kabisa; kila anayetumia kiti atalitambua tope lile. Kisha ipo harusi ya mpenzi wa zamani wa Will, ambapo Lou anaketi mapajani mwake na wanacheza dansi, kiti kikizunguka ukumbini mbele ya wageni wasiojua watazame wapi. Hapo mwandishi ametuonyesha kwa macho yetu kwamba mwili huu unaweza kufurahi, kutaniana na kutamanisha. Halafu, wakiwa ufukweni Mauritius, Lou anamwambia Will kwamba anampenda, naye anamjibu kwamba hilo halitoshi. Anakwenda Uswisi. Lou anaachiwa fedha za kuanzia maisha mapya.

Filamu yake ilipozinduliwa London mwaka 2016, watu wenye ulemavu walikwenda kuandamana nje ya ukumbi. Wengine waliwashangaa: si hadithi tu? Wengine walisema Will ameamua mwenyewe, na kuheshimu uamuzi wa mtu ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito nje ya kitabu. Ndani ya kitabu haina, kwa sababu Will hana kura. Kura yote ni ya mwandishi. Yeye ndiye aliyempa nyumba iliyorekebishwa, muuguzi, gari lenye nafasi ya kiti, wazazi wenye uwezo, akili kali na mwanamke anayempenda, akamwondolea karibu kila shida inayowakabili watu wenye hali kama yake duniani, kisha akaandika kwamba bado kuishi hakufai. Kijana aliyevunjika shingo jana, akiwa kitandani hospitalini, akikisoma kitabu hicho atajifunza nini juu yake mwenyewe? Waandamanaji walikuwa na haki ya kuuliza.

Pia kuna lile la fedha. Kifo cha Will kinamfungulia Lou njia ya masomo, safari na ujasiri. Anayekua katika kitabu hiki ni mtu mzima wa viungo. Mwenye kiti ni mafuta ya taa yake.

Jicho la Rochester

Kitabu cha Moyes kimetanguliwa na vingine vingi. Mwaka 1847 Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Yorkshire, alitoa riwaya ya Jane Eyre kwa jina la kubuni. Jane ni yatima, mwalimu wa nyumbani, maskini, asiye na uzuri wa kugeuza vichwa. Mwajiri wake, Rochester, ni tajiri, ana sauti ya kuamrisha, na amemficha mke wake mgonjwa wa akili juu ya dari huku akitaka kumwoa Jane. Siri inafichuka kanisani, Jane anakimbia. Akirudi, anakuta nyumba imeteketea, mke amejirusha kutoka juu ya paa, na Rochester, aliyejaribu kumwokoa, amepoteza mkono wa kushoto, jicho moja limetoka na jingine halioni.

Wahakiki wamezoea kusema kwamba upofu wake ni adhabu ya uongo wake, na yeye mwenyewe anazungumza hivyo kitabuni. Wanasema pia kwamba mwanamume yule ilibidi apunguzwe ndipo Jane awe sawa naye. Sikatai. Lakini wanaoishia hapo wanaupita mlango ambao mimi husimama mbele yake kila ninapokirudia kitabu hiki: kurasa za mkutano wao katika nyumba ya msituni ya Ferndean. Jane anaingia na sinia la maji, na mwanamume anautambua mkono wake kwa kuushika. Jioni hiyo hiyo anamchana nywele zilizomea ovyo na kumtania kwamba amegeuka mnyama wa porini. Kisha anamsimulia habari za kasisi mmoja kijana, mzuri wa sura, aliyetaka kumwoa, na anazisimulia polepole, kwa makusudi, hadi Rochester anachemka kwa wivu.

Tendo hilo la kumtia wivu lina heshima kubwa ndani yake. Jane amemkuta mtu aliyezama katika huzuni, aliyejihesabu kuwa gogo, na badala ya kumbembeleza kwa huruma anamkumbusha kwamba bado ni mwanamume anayeweza kuumia kwa sababu ya mwanamke. Tena amekuja akiwa na urithi wake mwenyewe, hahitaji paa la mtu. Amemchagua. Kwa kurasa hizo chache, katikati ya karne ya 19, Brontë aliandika mapenzi ya mtu kipofu vizuri kuliko wengi waliomfuata.

Baadaye naye alisita. Katika sura ya mwisho, miaka miwili baada ya ndoa, jicho moja la Rochester linaanza kuona tena, kiasi cha kumwezesha kumtazama mtoto wake wa kwanza alipowekwa mikononi mwake. Wasomaji wengi hulia machozi ya furaha hapo. Mimi huona kwamba Brontë alipungukiwa imani katika ukurasa ambao hakuhitaji kitu. Baba kipofu anayempapasa mwanawe uso alikuwa anatosha.

Kiti kilichokwama mlimani

D. H. Lawrence alifanya kinyume cha Brontë. Katika Lady Chatterley's Lover, kitabu alichokichapisha kwa faragha Florence mwaka 1928 na ambacho hakikuuzwa kwa uhuru Uingereza hadi baada ya kesi maarufu ya mwaka 1960, Clifford Chatterley amerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amepooza kuanzia kiunoni. Mke wake Connie ana miaka ishirini na mitatu. Mapenzi ya kitabu hiki ni ya Connie na mlinzi wa msitu wa mume wake. Mume yupo ili aachwe.

Kuna tukio moja ambalo mwandishi alikusudia litufanye tumchoke Clifford: kiti chake chenye injini kinakwama kwenye mteremko wenye maua, naye, kwa kiburi, anakataa kusukumwa, anafoka, anakilazimisha, mpaka mlinzi na Connie wanakisukuma pamoja na mikono yao inakutana nyuma yake. Nimelisoma tukio hilo nikiwa upande wa Clifford. Mtu anayekataa kusukumwa ana sababu zake. Lawrence hakuzitafuta, kwa kuwa Clifford kwake alikuwa ishara. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alipokisoma kitabu chake aliona kilema cha Clifford kinasimama badala ya kupooza kwa hisia za watu wa tabaka lake. Mtu akishageuzwa kuwa ishara, hakuna anayemuuliza anapenda nini.

Kwa ufupi, hadi hapa: Rochester analipa kisha anarudishiwa chenji, Clifford analipa kwa kuachwa, Will analipa kwa uhai. Hakuna hata mmoja aliyeachwa na mwili wake na mapenzi yake kwa pamoja.

"Hainisumbui"

Je, wapo walioweza? Wapo, na wengine wanapatikana mahali ambapo wasomi hawatazami, kwenye zile riwaya zenye majalada ya magauni marefu. Mary Balogh, mzaliwa wa Wales anayeishi Kanada, aliandika kati ya 2012 na 2016 mfululizo wa riwaya saba juu ya kundi la marafiki walioumizwa na vita vya wakati wa Napoleon, waliokaa pamoja miaka kadhaa wakiuguza miili na akili katika nyumba moja ya Cornwall. Kila mmoja anapata kitabu chake na mapenzi yake.

Katika The Arrangement cha mwaka 2013, Vincent alipofushwa na mzinga akiwa na miaka kumi na saba. Sasa amerithi cheo na nyumba, na mama, bibi na dada zake wameamua kumtafutia mke. Wanamletea msichana mwenye adabu, aliyefundwa na wazazi wake kusema kwamba upofu wa Vincent haumsumbui hata kidogo. Vincent anatoroka nyumbani usiku.

Ninampenda Balogh kwa kutoroka huko. Angeweza kumwandika msichana yule kuwa mkatili, na kazi ingekuwa rahisi. Badala yake amemwandika mwema, mtiifu, asiyemtaka. Kuambiwa kwamba hali yako haimsumbui mtu ni kuambiwa kwamba ameikagua na kuamua kuivumilia, na kijana wa miaka ishirini na ushee anataka zaidi ya kuvumiliwa. Mwanamke anayemwoa hatimaye, Sophia, ni msichana aliyedharauliwa na jamaa zake, mchoraji wa vikatuni, na katika ndoa yao swali lake ni: unataka kufika wapi mwenyewe? Ndipo yanapokuja mambo ya vitendo, njia yenye kizuizi cha kushika hadi ziwani, na mbwa wa kumwongoza. Mapenzi katika kitabu hiki yanaonekana kwenye useremala.

Kingine cha mfululizo huo, The Escape, kina Ben, ambaye miguu yake ilipondwa vitani. Amejiapiza kwamba atatembea tena kama zamani, na kwa miaka anajikokota kwa fimbo mbili, kila hatua ikimuuma. Msomaji aliyezoea riwaya hizi anasubiri muujiza wa ukurasa wa mwisho. Kinachokuja ni Ben kukubali kiti cha magurudumu, na kugundua kwamba akiwa kwenye kiti anafika anakotaka, haraka, bila maumivu, na nguvu zinabaki kwa kazi na kwa mke wake. Kiti ambacho katika vitabu vingine ni alama ya kushindwa, hapa ni chombo cha usafiri.

Siku mbaya za Chloe Brown

Wote niliowataja hadi sasa ni Wazungu, na wenye ulemavu wote ni wanaume. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwanamume aliyeumia vitani ana heshima ya vita. Mwanamke mwenye ulemavu, machoni pa wengi, hana hata hadithi. Ndiyo maana nilifurahi kukutana na Get a Life, Chloe Brown, riwaya ya mwaka 2019 ya Talia Hibbert, mwandishi Mwingereza mweusi. Chloe ana fibromayalgia, ugonjwa sugu unaoleta maumivu ya mwili mzima na uchovu usioisha kwa kulala. Siku nyingine anatembea vizuri. Siku nyingine kuinuka kitandani ni kazi. Kwa kuwa haonekani mgonjwa, marafiki wake wa zamani, pamoja na mchumba wake, walimwona mvivu au mwongo, wakapotea mmoja mmoja.

Hibbert anaijua siku ya mtu mwenye maumivu: dawa za kupangwa kwa saa, kuhesabu nguvu kabla ya kukubali mwaliko, aibu ya kuahirisha kwa mara ya tatu. Red, msimamizi wa jengo analoishi Chloe, anajifunza kuuliza kabla ya kusaidia, na Chloe anajifunza kujibu ukweli. Kuna mapenzi ya mwili, mengi, na yanaandikwa yakizingatia kinachouma na kisichouma, bila hadithi kusimama ili itufundishe. Mwisho wa kitabu bado ana maumivu, na bado anapendwa. Hakuna daktari aliyeletwa na dawa mpya.

Swali la chumbani

Wasomaji wengi wanajiuliza jambo ambalo hawalitamki: wanaweza? Waandishi wakiogopa kulijibu, wanaacha uvumi ulijibu kwa niaba yao. Basi tulijibu. Kuumia uti wa mgongo hubadilisha hisia za mwili na namna ya kukutana kimwili, kwa kiasi kinachotegemea sehemu iliyoumia, lakini hakuondoi hamu. Mwanamke aliyepooza miguu kwa kawaida bado anaweza kushika mimba na kuzaa. Wanaume wengi hubaki na uwezo kwa kiasi fulani au husaidiwa na matibabu, na wapo waliopata watoto. Wapenzi hutafuta mahali pengine pa mwili penye hisia, na wanazungumza zaidi kuliko wanandoa wengi wazima wanavyozungumza.

Sinema ililisema hili zamani. Coming Home, filamu ya Marekani ya mwaka 1978, ina askari aliyerudi Vietnam akiwa amepooza miguu na mwanamke aliyeolewa anayejitolea hospitalini. Jon Voight na Jane Fonda walipata tuzo za Oscar kwa kuwaigiza. Tukio lao la kitandani halikufichwa nyuma ya pazia, na katika filamu hiyo anayeingia baharini mwishoni ni mume mwenye viungo vyake. Nina lalamiko moja tu, nalo linagusa karibu filamu zote za aina hii: Voight alitembea kwenda kuipokea tuzo yake. Waigizaji wanaotumia viti kweli hawakosekani. Wanaokosekana ni wanaowaita.

Ukishika riwaya au filamu ya namna hii, jaribu kuiuliza:

- Mwenye ulemavu anatamani nini kabla hajakutana na mpenzi wake?
- Amewahi kumkataa mtu yeyote?
- Wakigombana, anaweza kuwa na makosa?
- Nani anamsaidia kuoga na kuvaa, na hadithi imelisema hilo au imeliruka?
- Ukimwondolea mwandishi muujiza na kifo, hadithi inabaki na kitu?

Swali la mwisho huangusha vitabu vingi.

Maswali ya mshenga

Kwetu Pwani na bara, hadithi ya mapenzi haiishii kwa watu wawili. Kuna barua ya posa, kuna mshenga, kuna shangazi anayetumwa kimya kimya kupeleleza ukoo: kwao kuna kifafa? Kuna mtoto aliyezaliwa na mguu mbaya? Na kijana akisema amempenda msichana anayetembea kwa magongo, mama yake hatauliza kama wanapendana. Atauliza, "Mwanangu, atakupikia nani?" Akiwa msichana ndiye aliyempenda kijana wa kwenye kiti, swali hubadilika mavazi tu: "Atakulisha nini?"

Wasomaji wetu wamelelewa pia na filamu za Kihindi, zilizojaa mabingwa wasioona na wasiosikia, na humo deni hulipwa kwa machozi mengi. Katika Fanaa ya mwaka 2006 msichana kipofu anapasuliwa na kuona. Katika Guzaarish ya mwaka 2010 mfanya mazingaombwe aliyepooza anaiomba mahakama ruhusa ya kufa. Lakini ipo pia Koshish ya mwaka 1972, ya Gulzar, ambamo mke na mume, wote viziwi, wanaoana, wanafiwa na mtoto, wanalea mwingine. Na mtoto wao anayesikia anapokataa kuoa msichana kiziwi, baba anamkasirikia kwa ghadhabu ya mtu aliyetukaniwa ndoa yake. Ni filamu ya zaidi ya nusu karne, na imewapita wengi wa leo.

Karibu zaidi, wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wameisoma Takadini ya Ben Hanson, juu ya kijana mwenye ualbino katika Zimbabwe ya zamani. Darasani huulizwa juu ya mila na ubaguzi, ni sawa. Laiti mwalimu mmoja angewauliza juu ya Shingai, msichana anayemchagua Takadini mbele ya kijiji kizima: alivutiwa na nini? Ngozi ya kijana huyo imejadiliwa kwenye mitihani mara nyingi kuliko mvuto wake.

Katika riwaya pendwa za Kiswahili nilizozisoma, mwenye ulemavu yuko zaidi mlangoni mwa msikiti akiomba, au ni mwovu aliyepata malipo yake. Wakati huo huo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, una Ibara ya 23 inayotambua haki ya watu hawa kuoa, kuolewa na kuwa na familia kwa hiari yao kamili. Sheria imeshawafikisha kwenye ndoa. Riwaya bado inawaacha barazani.

Na mali ya kuandikia ipo tele. Jibu la "atakupikia nani" liko kwenye jiko la mkaa lenyewe, ambalo ni la chini, na ambalo wanawake wengi walio wazima huliendea wakiwa wameketi kwenye kigoda. Msichana aliyepooza miguu anapika hapo bila kumwomba mtu ruhusa. Shida yake iko kwingine, kwenye choo cha kuchuchumaa cha nyumba ya wakwe, na kwenye uso wake siku ya kwanza ya kutambulishwa, anapokaa saa nne akijizuia kunywa juisi aliyokaribishwa. Mwandishi hodari atapata sura nzima hapo, na msomaji atajua kama kijana anampenda kweli kwa kutazama tu iwapo ameligundua jambo hilo mwenyewe. Kuna konda anayelipitisha gari akiona magongo. Kuna gesti ya fungate iliyo ghorofa ya tatu, isiyo na lifti, na bwana harusi anayekataa kubebwa mgongoni na shemeji zake mbele ya bibi harusi. Kuna kungwi, ambaye somo lake lote limepangwa kwa mwili wa aina moja, na ambaye sasa itabidi amuulize mwari: wewe mwili wako unapenda nini?

Anayetaka kuandika kurasa hizo aende kwa wanandoa wenyewe. Wapo katika kila mji. Asiwaulize walivumiliana vipi. Awaulize nani alimtongoza nani, walinuniana juu ya nini wiki iliyopita, na nani kati yao ana wivu zaidi.